Bruda wa Ayalandi Aliyeombolezwa Mbaha

Habari hii nilisimuliwa na wifi yangu Marselina, Jumanne moja ya mwezi wa saba mwaka huu, alipopanda kutoka Mbaha ziwani kuja kwetu Mkumbi mlimani na ndoo ya dagaa wakavu. Ulikuwa msimu wa kahawa. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nachambua, mbovu huku, nzima huku, naye hata ndoo hakuitua vizuri. Alianza kusema akiwa bado amesimama.

"Wifi, nimeharibu kazi ya mtu," akasema. "Halafu ikatengenezeka yenyewe. Sijui hata nianzie wapi."

"Anzia kwenye kukaa," nikamwambia.

Akakaa. Akachukua kiganja cha kahawa akaanza kuchambua na mimi, lakini alikuwa anachanganya tu, mbovu anatia kwenye nzima. Nikamwacha. Ningezirudia baadaye.

Nyumbani kwake Mbaha amempangisha chumba mwalimu mmoja, msichana wa Songea, anaitwa Jacqueline. Anafundisha historia sekondari ya pale, tena kwa kujitolea, mwaka wa pili sasa. Mwaka huu shule ilipata nafasi moja ya mwalimu wa mkataba, na Jacqueline alikuwa anaitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Akiikosa, arudi kwao. Mwenye neno kwenye bodi ya shule ni mzee Ignatio, ambaye pia ndiye kiongozi wa kamati ya mazishi ya kijiji, mtu wa sauti nene. Yeye alitaka mwalimu wa kemia.

"Alikuja kumwambia nyumbani kwangu, anakunywa uji wangu," Marselina akasema. "Eti, 'Mwalimu, mimi sina ugomvi na wewe. Ila niambie, mtoto wa mvuvi atafanyia nini wafu wa Ulaya? Kemia itampeleka akawe nesi.' Jacqueline akasema, 'Shikamoo kwanza, mzee.' Akajibu, 'Marahaba, lakini hujanijibu.'"

"Akamjibu nini?"

"Akamwambia ampe nusu saa Siku ya Wazazi. Darasa lake la kidato cha tatu litaonyesha. Wazazi wakiona historia inawahusu, abaki. Wasipoona, Jumamosi anafunga mizigo. Mzee akakubali, akaomba uji mwingine."

Sasa ni nini cha kuonyesha ndani ya nusu saa? Shuleni kulikuwa na sanduku la vitabu vya msaada vilivyotoka Ayalandi. Vingi ni vya watoto wadogo, vina picha za kondoo. Lakini kimoja kilikuwa cha historia, na Jacqueline alikisoma mpaka Marselina akamgongea mlango amwambie chakula kinapoa.

"Ayalandi ndiyo wapi?" nikauliza.

"Kisiwa, wifi. Kule mwisho wa Ulaya, karibu na Uingereza. Usinikatize, nitasahau."

Nikaendelea kuchambua. Akasema kwamba mwaka 1348, wakati wa kiangazi chao, meli zilitia nanga pwani karibu na mji unaoitwa Dublin, zikashusha bidhaa na ugonjwa pamoja. Mtu anaota jipu kwapani au kwenye kinena, na siku chache baadaye hayupo. Miji ya bandari ndiyo iliyoanza kuisha, maana watu walikuwa wamebanana. Na mijini humo ndimo walimokaa Waingereza waliokuja kutawala. Wenyeji wenyewe wengi walikuwa wametawanyika huko milimani na ng'ombe wao. Nao walikufa, ila si kama wale.

"Kwa hiyo ninyi wa mlimani mngepona," Marselina akasema, "na sisi wa ziwani tungekwisha. Kila kinachokuja na chombo kinaanzia kwetu."

"Tungepona kwa sababu hatuna mazoea na wageni."

"Hilo linajulikana mpaka Liparamba."

Nikacheka, lakini moyoni nilikuwa najua si kweli. Zamani sisi Wamatengo, watu wa ukoo mmoja, kila jioni kila mama alipeleka chakula chake kwa babu, tukala pamoja na kusemezana. Tuliita sengu. Mkono wangu na mkono wa jirani kwenye sahani moja. Ugonjwa kama ule ungetukuta tumeshakaa tayari kuupokea.

Basi wanafunzi wakatunga mchezo wa kuigiza. Walifanya mazoezi wiki tatu nyuma ya madarasa. Aliyepewa nafasi kubwa ni kijana anaitwa Adrian, mtoto wa Eliza, muuza chumvi. Yeye alikuwa Bruda Yohane, mtawa wa mji wa Kilkenny, aliyekuwa anaandika kwenye kitabu habari za ugonjwa ule mpaka naye ukampata. Lidia, wa darasa lile lile, aliigiza dada yake bruda. Sehemu ya mwisho ilikuwa hivi: bruda analala chini, peke yake. Dada yake anakuja na chakula, anakiweka mbali, hatua kumi, anarudi kinyumenyume. Bruda anakufa. Hakuna anayesogea. Lidia anahesabu moyoni mpaka thelathini, mchezo umekwisha.

"Jacqueline aliniambia, 'Bibi, hapo mwisho ndipo penyewe. Watu wakae kimya, waone ugonjwa ulivyokata undugu. Kimya hicho ndicho kitakachonibakisha hapa.' Nikamwambia, mjukuu wangu, nitakaa mbele kabisa, na atakayekohoa nitamfinya."

Hapo Marselina aliacha kabisa kuchambua kahawa.

Siku ya Wazazi ilikuwa Ijumaa. Asubuhi wanafunzi walikwenda ufukweni kwa Allen mvuvi, wakaazima boti lake, wakalibeba mabegani mpaka uwanja wa shule. Boti zima. Walikuwa wanaimba ule wimbo wa kuvuta nyavu, na kila nyumba waliyoipita watu walitoka kuuliza boti linakwenda wapi huku maji yako kule. Walipojibiwa kwamba linakwenda Ayalandi, wakafuata. Marselina alisema hajapata kuona Siku ya Wazazi yenye watu wengi namna ile. Waliokosa viti walikaa juu ya ukuta. Mzee Ignatio alikuwa kwenye kiti cha mbele, mikono kifuani, saa mkononi.

Boti likatia nanga kwenye vumbi. Mabaharia wakashuka wanayumba. Soko likajaa, watu wakauziana nguo na samaki, wakapeana mikono, na kila aliyepeana mkono na baharia alitoka pale anajishika kwapa. Watu walicheka mwanzoni. Mtoto mmoja aliyeanguka alianguka vizuri sana, akashangiliwa. Lakini wakaanza kuanguka wengi, wawili wawili, na kicheko kikapungua. Wakabaki watawa ndani ya nyumba yao, nao wakapungua. Akabaki Adrian na daftari lake.

"Aliandika, wifi. Tulikuwa tunaisikia kalamu. Halafu akaliweka daftari kifuani, akalala chini, akageuza uso juu. Lidia akaja na bakuli, akaliweka mbali, akarudi kinyumenyume, analia machozi ya kweli. Kisha kimya. Kimya kile chenyewe alichokitaka Jacqueline. Nilikuwa nimeshikilia kiti."

"Hesabu ilikuwa imefika ngapi?"

"Labda kumi. Pembeni yangu alikuwa Bonifasia. Unamjua Bonifasia, hakuna msiba Mbaha asioingia wa kwanza. Akaninong'oneza, 'Nani anakaa na huyu mtoto?' Nikamwambia, 'Nyamaza, ni mchezo.' Akasema, 'Najua ni mchezo. Nauliza nani anakaa naye.'"

Marselina alinitazama kama anayeomba nimtetee.

"Nikatazama. Hakuna mtu. Nzi alikuwa ametua mdomoni kwa Adrian, na Adrian hasogei, amebana pumzi, maskini, ameshika kazi yake. Adrian namjua, asubuhi ile ile nilinunua chumvi kwake. Lakini maiti iko chini pale, juani, hata kitambaa haina, na sisi wanawake wazima tumekaa kwenye viti. Bonifasia akavua viatu. Nikavua na mimi."

Wakaenda. Nyuma yao wakainuka wengine, wanawake zaidi ya kumi na watano, bila kuambizana. Wakakaa chini kumzunguka, miguu wameinyoosha. Mmoja akafukuza yule nzi. Bonifasia akafungua kanga yake ya juu akamfunika Adrian, na wengine wakafungua, kanga juu ya kanga, akabaki uso tu. Wakaanza kuimba wimbo wa maombolezo wa Kikatoliki, kwa kuwa bruda ni wa Kikatoliki, na Waanglikana wote pale, Marselina mwenyewe mmoja wao, wakauimba bila kukosea neno. Eliza, mama yake Adrian, naye akaja mbio akajisukumiza katikati. "Najua ni mzima," akasema, "lakini mnanitisha. Na ni wangu, nikae wapi kama si hapa?"

"Nikakumbuka Jacqueline," Marselina akasema. "Nikageuka. Alikuwa ameegemea ukuta wa darasa, mikono kichwani. Ndipo nikajua nilichokifanya. Nimeuvunja mchezo wake, mbele ya mzee Ignatio. Nimemfungia mizigo kwa mikono yangu. Lakini kuinuka siwezi, nimeshakaa msibani. Ningeinukaje?"

Kweli, angeinukaje. Hata mimi nisingeinuka.

Aliyeokoa ni Lidia. Jambo hilo halikuwa kwenye mazoezi. Alirudi mpaka pale lilipokuwa bakuli, hatua zake kumi, akasimama, akasema kwa sauti ile ile ya kwenye mchezo: "Mama zangu, mimi ni dada yake wa tumbo moja, na nimeogopa kumsogelea. Ninyi mmemshika. Kesho kutwa majipu yatatoka kwenu. Na leo jioni mnakwenda kuwapakulia chakula watoto."

Wimbo ukakatika.

"Mkono wangu ulikuwa kwenye paji la uso wake," Marselina akaniambia. "Niliuondoa. Wifi, niliuondoa kabisa, kama nimeshika moto. Halafu nikaona haya, nikaurudisha."

Hapo uwanja mzima ulichemka. Wanaume waliokuwa wamekaa wakasimama. Mmoja akamwita mkewe atoke haraka, wana mtoto mchanga nyumbani, na mkewe akamjibu kwamba amechelewa, ameshashika. Mwingine akasema wanawake wote wafungiwe pale pale uwanjani siku arobaini.

"Na chakula nani atawapelekea?"

"Wawekewe kwa mbali, kama alivyofanya Lidia."

"Na mama yako je? Yule pale, amekaa kwenye kichwa cha marehemu."

Yule mtu akatazama, akamwona mama yake, akakaa chini. Wengine wakasema afadhali boti lisingeruhusiwa kutia nanga tangu mwanzo, na Allen akauliza kama lake ndilo lisitie nanga au la jirani yake. Watoto wa kidato cha tatu waliokuwa wamekufa sokoni wakafufuka wakaja kusikiliza. Nusu saa ilikuwa imepita zamani na hakuna aliyeangalia saa.

Ndipo mzee Ignatio akainuka.

Marselina alifikiri anakuja kuwafukuza. Lakini alisogea mpaka kwenye miguu ya Adrian, akavua kofia. Sauti iliyotoka ilikuwa ile anayotoa kila msiba, miaka yote. "Kaeni chini," akasema. "Katika kijiji hiki maiti haiachwi. Na haizikwi bila wasifu kusomwa. Vijana wa majembe wajiandae. Wasifu wa marehemu uko kwa nani?"

Kwetu huku na kwao kule ni hivyo hivyo: kabla jeneza halijainuliwa, mtu anasimama anasoma marehemu alizaliwa wapi, alisoma wapi, alifanya kazi gani, ameugua nini, ameacha nani. Mtu akizikwa bila kusomewa, watu wanasema kafukiwa kama mbuzi. Na pale uwanjani, katika umati wote ule, aliyejua wasifu wa bruda wa Kilkenny alikuwa mmoja tu.

"Alishusha mikono kichwani," Marselina akasema. "Akaja. Wanawake wakampisha. Akalitoa daftari chini ya kanga, kifuani kwa Adrian, akalifungua."

Jacqueline akasoma. "Jina la marehemu ni Yohane. Alikuwa bruda wa shirika la Mtakatifu Fransisko, mji wa Kilkenny, nchi ya Ayalandi. Mwaka wa kuzaliwa haujulikani. Wazazi hawajulikani."

"Hata jina la mama?" Bonifasia akauliza.

"Halikuandikwa, bibi."

"Endelea, mwanangu. Mama alikuwepo tu."

"Marehemu aliandika habari za nchi yake, mwaka baada ya mwaka. Ugonjwa ulipoingia, aliandika wanavyokufa. Aliandika kwamba watu waliogopa hata kugusa wagonjwa na wafu. Kwamba padri aliyekwenda kuungamisha mgonjwa alibebwa kwenda kaburini pamoja na aliyemwungamisha. Akaandika kwamba yeye mwenyewe yumo katikati ya wafu, anangoja zamu yake."

"Na marehemu ameacha nani?" mzee Ignatio akauliza, kama anavyouliza siku zote.

"Hakuacha mke wala mtoto, mzee. Ameacha kurasa tupu."

Akaligeuzia daftari kwa watu. Kurasa za mbele zilikuwa zimejaa wino. Za nyuma zilikuwa nyeupe, akazifunua moja moja, nyeupe, nyeupe, nyeupe.

"Aliandika kwamba anaacha mahali pa kuandikia, ili kama kuna mwanadamu yeyote atakayepona, aiendeleze kazi. Kwenye kitabu chake chenyewe, baada ya hapo kuna mwandiko wa mtu mwingine, maneno machache tu. Anasema inaonekana hapa mwandishi alifariki."

Kimya. Marselina alisema kilipita thelathini, kikapita sitini, na hakuna aliyekuwa anahesabu. Ziwa lilisikika kutoka uwanjani. Mzee Ignatio alikuwa anaikunja kofia yake mikononi.

"Na waliopona?" akauliza mwishoni, kwa sauti ya kawaida. "Kuna waliopona?"

"Wapo, mzee." Na Jacqueline hakusoma tena, alisema kwa kichwa, na uso wake, Marselina alisema, ulikuwa umewaka. Mashamba ya wakubwa yalikosa watu wa kulima. Wakulima waliobaki wakajua thamani yao, wakadai ujira mkubwa, wakubwa wakatunga sheria ya kuwakataza, lakini mtu anayehitajika atakatazwaje? Miji ya Waingereza ilipungua, wengine wakapanda meli wakarudi kwao. Wenyeji wakateremka kutoka milimani wakachukua mashamba yaliyoota nyasi. Na watoto wa watawala waliobaki wakawa wanasema Kiayalandi, wanavaa Kiayalandi, wanaoana na wenyeji, mpaka ikatungwa sheria nyingine kuwakataza, nayo haikusaidia.

"Kwa hiyo boti moja," mzee Ignatio akasema polepole, "lilipindua nchi."

"Maboti kadhaa, mzee. Lakini ndiyo."

Maswali yakaanguka kama mvua. Wavuvi walitaka kujua mizigo ilikuwa ya nini. Kina mama walitaka kujua nani aliwalea yatima. Mtu mmoja anayepanda kwenda Mbinga mara mbili kwa mwaka alitaka kujua kama wa mlimani walipowateremkia wa pwani waliwasalimia. Jacqueline alijibu alichokijua, na asichokijua alisema hajui, atatafuta. Katikati ya maswali hayo ikasikika sauti nzito kutoka kwenye kanga. Ilikuwa ni Adrian. Joto la kanga zile zote, na uchovu wa mazoezi, na zile nyimbo, vilimchukua kweli.

"Majembe yasubiri," Bonifasia akasema. "Marehemu anakoroma."

Hapo ndipo walipocheka, mpaka ukutani watu wakashikana wasianguke.

Wakala pamoja kama watu waliotoka msibani. Bodi ikakaa nyuma ya jengo la pili la madarasa kuamua. Marselina aliiacha sahani yake bila kuigusa. Alimfuata Jacqueline, akamwambia, "Mjukuu wangu, nisamehe, nimekuvunjia." Jacqueline akasema, "Bibi, mimi niliomba sekunde thelathini. Ninyi mmenipa mchana mzima." Lakini naye hakuwa anakula. Alikuwa anatazama tu ile pembe ya jengo walikopotelea watu wa bodi.

Mzee Ignatio akatokea kwenye pembe, kofia kichwani. Akaja moja kwa moja.

"Kemia tutaitafuta," akasema. "Mtu wa wasifu hatuwezi kumwacha aondoke. Jumatatu uje usaini." Akaondoka hatua mbili, akarudi. "Ila mwalimu, mchezo wa mwakani, mtu azikwe. Nimekaa vibaya mchana wote."

Nikamwuliza Marselina Jacqueline alisema nini. Alisema Jacqueline alikaa chini tu kwenye vumbi hapo hapo alipokuwa amesimama, akavuta sahani ya mtu akaanza kula.

Boti likarudishwa majini. Watu wakaenda makwao wakiwa bado wanabishana, na kwa mara ya kwanza Mbaha, Marselina alisema, ukipita kwenye nyumba ulisikia watu wanabishana juu ya mwaka 1348. Jacqueline alilala na viatu. Marselina alimvua, akamfunika, akalala na yeye. Mzee Ignatio alilala mapema kama kawaida yake, mkewe ndiye aliyesema.

Aliyebaki macho ni Adrian, kwa kuwa alikuwa ameshalala mchana. Mama yake Eliza alimwacha sebuleni na taa ya sola na lile daftari la bruda. Asubuhi akalikuta wazi kwenye zile kurasa nyeupe. Adrian alikuwa ameandika tarehe, na jina la Mbaha, na kwamba "leo nimekufa nikaliliwa." Chini yake majina ya waliokaa naye, kwa mpangilio wa kufika kwao: Bonifasia wa kwanza, Marselina wa pili, na wengine, na "mama yangu". Jina la mwisho halikuisha. Lilikuwa na herufi tatu, halafu mstari wa kalamu unateremka mpaka ukingoni mwa karatasi, pale usingizi ulipomchukua.